Usiandike Barua ya Kujiuzulu: Fedha za Aliyepoteza Kazi Tanzania Bara

"Andika tu barua ya kujiuzulu tumalizane vizuri, hata jina lako lisichafuke." Maneno haya husemwa kwa upole, mlango wa ofisi ya utumishi ukiwa umefungwa, na karatasi nyeupe iko tayari mezani. Mfanyakazi aliyechoka na aliyeshtuka huona ni njia ya heshima. Anaandika mistari mitatu, anasaini, anashukuru kwa ushirikiano. Kwa mistari hiyo mitatu amepoteza fao la upotevu wa ajira, amepoteza kiinua mgongo, na akienda kulalamika baadaye ataanza kwa kueleza kwa nini aliandika barua ambayo sasa anaikana.

Tanzania hatuna posho ya Serikali kwa kila asiye na kazi. Anayepoteza ajira ana mifuko miwili ya kweli ya kutegemea: wa mwajiri, kwa maana ya stahiki zilizomo kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na wa hifadhi ya jamii, yaani NSSF kwa sekta binafsi au PSSSF kwa utumishi wa umma. Yote miwili inauliza swali moja kabla ya kufungua: nani aliyevunja ajira, na kwa sababu gani? Jibu halitoki mdomoni mwako, linatoka kwenye barua. (Ninayoandika hapa ni ya Bara. Zanzibar wana Sheria yao ya Ajira namba 11 ya 2005 na mfuko wao, ZSSF.)

Barua kwanza, hesabu baadaye

Barua ya kuachishwa kazi inayokufaa ina mambo matatu yaliyoandikwa bila kuzungukazunguka: tarehe ya mwisho ya ajira, sababu ya ajira kukoma, na orodha ya malipo. Sababu ikiwa ni kupunguza wafanyakazi, iandikwe hivyo. Jihadhari na lugha ya katikati, kama "tumekubaliana kuachana" au "mfanyakazi ameridhia kuondoka". Lugha hiyo haisemi kwamba umeachishwa, na karani wa mfuko anapoisoma hana wajibu wa kubahatisha upande wako.

Kuna waajiri wasiotoa barua kabisa. Unaambiwa usije kesho, kadi ya getini inafungwa, basi. Usisubiri huruma. Andika wewe barua au barua pepe siku hiyohiyo: "Leo tarehe fulani nimeelezwa na meneja wa idara kwamba ajira yangu imekoma. Naomba uthibitisho wa maandishi pamoja na sababu." Wakikaa kimya, ukimya wao una tarehe. Hifadhi na ujumbe wa simu, hata ule wa kundi la WhatsApp la kazini uliotangaza kuondolewa kwako. Kama hukuwahi kupewa mkataba wa maandishi, usijione huna haki: sheria inamtaka mwajiri atunze maelezo ya ajira kwa maandishi, na shauri likifika mbele ya CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) akashindwa kuyatoa, mzigo wa kuthibitisha unakuwa wake.

Na aliyekwisha kusaini kujiuzulu kwa kubanwa? Mlango haujafungwa kabisa. Kifungu cha 36 cha sheria hiyo kinahesabu kuwa umeachishwa kazi iwapo uliondoka kwa sababu mwajiri aliifanya kazi isivumilike. Ila kuthibitisha hali hiyo ni kazi yako: barua za onyo zisizo na msingi, mshahara uliokatwa, malalamiko uliyowahi kuandika. Bila karatasi za aina hiyo ni mlima.

Hesabu ya mwajiri

Tuchukue mfano wa dereva wa kampuni aliyeajiriwa Mbeya akapangiwa Dar es Salaam. Mshahara wa msingi shilingi 780,000, kazi siku sita kwa wiki, ametumikia miaka minne na miezi mitano, na kampuni inapunguza watu.

Kosa kubwa hutokea kwenye mshahara wa siku. Watu wa mishahara wengi hugawanya kwa 30, wanapata 26,000. Jedwali la Kwanza la sheria halisemi hivyo. Linasema ugawanye mshahara wa mwezi kwa 4.333, kisha kwa idadi ya siku unazofanya kazi kwa wiki. Kwa siku sita kigawanyo ni 26, kwa hiyo siku ya dereva huyu ni shilingi 30,000. Kwa anayefanya kazi siku tano kigawanyo hushuka hadi takriban 21.67 na thamani ya siku inapanda zaidi.

Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, na miaka haihesabiwi zaidi ya kumi. Dereva wetu ana miaka minne iliyokamilika, ile miezi mitano haiingii. Siku 28 mara 30,000 ni 840,000. Kwa kugawanya kwa 30 angelipwa 728,000, pungufu ya 112,000, na angesaini kwamba ameridhika. Ili ukipate lazima uwe umetumikia walau miezi 12 mfululizo na mwajiri ndiye aliyeachisha. Hakilipwi aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu, wala aliyepewa kazi mbadala akaikataa bila sababu ya maana, wala ambaye mkataba wake wa muda maalumu umefika tarehe yake. Sheria inaweka kiwango cha chini tu. Mkataba wako au makubaliano ya chama cha wafanyakazi yanaweza kutoa zaidi, kwa hiyo yasome kabla ya kukubali siku saba.

Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28. Mwajiri akitaka uondoke leo, analipa badala ya notisi. Wengi hulipa mshahara wa mwezi mzima, kwa dereva wetu 780,000. Haruhusiwi kukupa notisi ukiwa likizo, wala kuifanya notisi na likizo viende pamoja ili aokoe fedha. Hili la pili hufanyika sana: "Nenda umalizie likizo zako, hizo ndizo notisi." Hapana. Ni malipo mawili tofauti.

Likizo ya mwaka ni siku 28 za kalenda. Kipande cha mwaka kinahesabiwa siku moja ya mshahara kwa kila siku 13 za kazi. Kwa miezi mitano ya mzunguko wake mpya dereva amefanya kazi siku 130 hivi, kwa hiyo anadai siku kumi, shilingi 300,000. Kama ana likizo za nyuma ambazo hakuzichukua kwa kuwa kazi ilibana, aziulizie nazo.

Kisha safari. Aliyeajiriwa mahali pengine na kuachishwa mahali pengine anastahili kurudishwa alikoajiriwa pamoja na mizigo yake, au kulipiwa usafiri, au kupewa posho isiyopungua nauli ya basi hadi stendi iliyo karibu na huko. Zaidi ya hapo, sheria inatoa posho ya kujikimu ya kila siku tangu ajira ikome hadi siku anaposafirishwa. Hapa ndipo waajiri huumia wakichelewesha nauli, na ndiyo sababu wanaojua hulipa nauli haraka hata kama mengine wanayavuta. Dai lako litakuwa na nguvu ikiwa mahali ulikoajiriwa pameandikwa kwenye mkataba. Kama pameandikwa "Dar es Salaam" ilhali usaili ulifanyiwa Mbeya, tafuta barua ya kuitwa kazini.

Jumla ya dereva wetu, kabla ya nauli, siku alizofanya kazi mwezi huo na kodi, ni 1,920,000. Pamoja na fedha anadai cheti cha utumishi. Watu hukipuuza, na mwajiri mpya ndicho cha kwanza anachouliza.

Ukiletewa fomu ya "malipo kamili na ya mwisho, sina dai lolote", iombe uende nayo nyumbani. Mwajiri mwema hatakataa. Akikataa, andika kwa mkono kando ya saini yako: "Nimepokea kiasi hiki, sijakubali kwamba ndicho chote." Si uchawi unaofuta kila hatari, ila ni bora kuliko saini tupu.

Siku 30 za CMA

Kama sababu ya kuachishwa haikuwa halali, au utaratibu ulirukwa, malalamiko yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo kila mtu anaiita CMA. Kwa kuachishwa kazi isivyo halali una siku 30 tangu tarehe ya kuachishwa, au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wake wa mwisho. Madai mengine ya kazi yana siku 60. Hizi si siku za kazi, ni za kalenda, na zinaisha upesi kuliko mtu anavyodhani, kwa sababu wiki mbili za kwanza huenda kwenye ahadi: "Mkurugenzi yuko safarini, akirudi tutalimaliza." Rufaa yako ya ndani isiyo na jibu, mazungumzo ya simu, ujumbe kwa bosi mkubwa, hakuna hata kimoja unachopaswa kukitegemea kusimamisha saa hiyo.

Unajaza fomu namba moja ya CMA, inayopatikana bila malipo. Nakala unampa mwajiri kwanza, anasaini kupokea, kisha unaipeleka CMA ikiwa na uthibitisho huo wa kupokelewa. Fomu zisizo na uthibitisho hurudishwa. Mwajiri akigoma kusaini, tuma kwa rejista ya posta na ubaki na risiti. Kwenye fomu kuna sehemu ya aina ya mgogoro na sehemu ya unachotaka: andika kila dai, pamoja na kiinua mgongo, likizo na nauli, kwa kuwa dai ambalo halikuandikwa mwanzoni huleta ubishi mkubwa baadaye. Ukichelewa unajaza fomu namba mbili kuomba kuongezewa muda, na lazima ueleze sababu ya kila siku uliyochelewa. "Sikujua sheria" haitoshi.

Kinachofuata ni usuluhishi, ambao sheria inaupa siku 30. Mapatano mtakayosaini hapo ni ya mwisho, hayarudiwi. Kwa hiyo angalia mapatano yasije kusema "mlalamikaji amekubali kujiuzulu", maana utakuwa umeshinda fedha za mwajiri na kuharibu zile za mfuko. Usuluhishi ukishindikana, shauri linaenda kwenye uamuzi. Asiyeridhika na uamuzi ana wiki sita kuomba mapitio Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.

Wasio na haki ya dai la kuachishwa isivyo halali ni wale wenye chini ya miezi sita kazini. Hao wabaki kudai mishahara na likizo. Na mtumishi wa umma asikimbilie CMA: tangu marekebisho ya 2016 anapaswa kwanza kumaliza ngazi za ndani ya utumishi wa umma. Mashauri yaliyorukia CMA moja kwa moja yametupwa bila hata kusikilizwa hoja zake, baada ya mtu kusubiri miaka.

Upande wa kupunguzwa kazi, angalia kama utaratibu ulifuatwa. Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya kusudio mapema, kutoa taarifa zote muhimu, na kushauriana na chama au wafanyakazi wenyewe kuhusu sababu, namna ya kuepuka au kupunguza idadi, vigezo vya kuwachagua wa kuondoka, muda na malipo. Mkutano wa dakika ishirini ambapo majina yalisomwa yakiwa tayari yameandikwa si mashauriano.

Fao la upotevu wa ajira

Zamani mtu akiacha kazi alichukua michango yake yote, lile fao la kujitoa. Mwaka 2012 Bunge lilipolifuta kulizuka kelele, hasa migodini, likarudi. Mageuzi ya 2018, yaliyounganisha mifuko ya PPF, PSPF, LAPF na GEPF kuwa PSSSF, yakaleta fao jipya mahali pake. Wengi bado wanaingia ofisi za NSSF wakidai "michango yangu yote", na wanatoka na hasira. Heri kujua mapema kinachotoka.

Mwenye michango isiyopungua miezi 18 analipwa asilimia 33.3 ya mshahara kila mwezi kwa miezi sita. Kwa dereva wetu ni 259,740 kwa mwezi, jumla 1,558,440. Mwenye michango chini ya miezi 18 anapewa mara moja asilimia 50 ya michango yake. Masharti ni kwamba uwe Mtanzania, hukujiuzulu, hujapata kazi nyingine, na hujafikia sifa ya kulipwa pensheni. Kilichobaki kwenye akaunti hakipotei, kinaendelea kungoja, na kinahesabiwa kuelekea miezi 180 ya michango inayohitajika kwa pensheni ya uzeeni. Kwa maoni yangu fao hili ni dogo kwa mtu wa mjini mwenye kodi ya nyumba na ada za shule. Theluthi ya mshahara inalisha, haipangishi. Ndiyo sababu stahiki za mwajiri nimezirefusha hapo juu: zikilipwa sawasawa, ndizo zinazoziba pengo.

Nenda na barua ya kuachishwa, namba ya uanachama, kitambulisho cha NIDA, maelezo ya akaunti ya benki yenye jina lako, na picha. Fomu ya madai ina sehemu ya mwajiri ya kujaza na kugonga mhuri, kwa hiyo ichukue na kuijazisha kabla hujarudisha vifaa vya kampuni na kufunga ukurasa. Kumrudia afisa utumishi miezi mitatu baadaye akugongee mhuri ni kumwomba fadhila.

Madai hukwama kwenye mambo mawili kuliko yote mengine. La kwanza ni majina. NSSF umeandikwa majina mawili, NIDA matatu, benki jina la ukoo limeandikwa kwa herufi nyingine, na tarehe ya kuzaliwa haifanani. Kila tofauti inahitaji maelezo, na mara nyingi hati ya kiapo. Waliowahi kufanya kazi sehemu mbili huwa na namba mbili za uanachama; ziunganishwe kwanza, la sivyo miezi 18 yako inaweza kuonekana kumi.

La pili ni michango isiyopelekwa. Slipu ya mshahara inaonyesha makato ya NSSF kila mwezi, lakini taarifa ya mfuko ina mashimo. Jumla ya mchango ni asilimia 20 ya mshahara, kwa kawaida nusu kwa nusu, na mwajiri anayekata bila kupeleka anavunja sheria. Omba taarifa ya michango leo, hata kama bado uko kazini, ilinganishe na slipu mwezi kwa mwezi. Miezi inayokosekana iandikie malalamiko NSSF ukiambatanisha slipu zenyewe. Mfuko una mamlaka ya kumdai mwajiri hadi mahakamani. Wewe peke yako huna meno hayo. Tazama pia kiasi: kampuni nyingine hupeleka mchango kwa mshahara mdogo kuliko unaolipwa, na theluthi utakayolipwa itatokana na kilichoripotiwa.

Madeni yasiyosubiri

Mkopo wa benki uliokatwa kwenye mshahara haufi mshahara ukifa. Nenda benki kabla ya rejesho la kwanza kukosekana, si baada ya la tatu, ukiwa na barua ya kuachishwa mkononi. Uliza maswali mawili: je, bima ya mkopo niliyokatwa inagusa kupoteza ajira, au kifo na ulemavu tu? Na je, mnaweza kupunguza rejesho kwa kurefusha muda? Jibu la swali la kwanza limo kwenye mkataba wa mkopo, kurasa ambazo hakuna anayezisoma siku ya kupokea fedha. SACCOS ya kazini itakata deni kwenye akiba na hisa zako. Omba mchanganuo wa maandishi, usikubali kutajiwa salio kwa mdomo.

Mwenye mkopo wa elimu ya juu, ile asilimia 15 inasimama pamoja na mshahara, ila deni la HESLB, yaani Bodi ya Mikopo, linabaki. Waandikie kueleza hali yako mapema. Kadi ya bima ya afya ya kampuni nayo hufa, pengine siku hiyohiyo: uliza tarehe ya mwisho, hasa kama nyumbani kuna mjamzito au mgonjwa wa dawa za kila mwezi.

Halafu kuna kausha damu. Mikopo ya haraka ya mitaani na ya kwenye simu inawajua watu wa hali hii. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 za mikopo zisizo na leseni, na nyingine huja kwa majina mapya. Inayokuomba ruhusa ya kusoma orodha ya namba zako za simu haitaki kukukopesha tu, inataka watu wa kukuaibisha mbele yao.

Mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia kumi ya mapato ya ndani, haina riba: asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarejea 2024. Haitolewi kwa mtu mmoja isipokuwa mwenye ulemavu kwa masharti yake, kwa hiyo unahitaji kikundi cha watu wasiopungua watano, akaunti ya benki ya kikundi, na andiko la biashara. Anza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Vikundi vilivyoundwa wiki moja kabla ya kuomba hujulikana, na fedha hizi huchukua muda, kwa hiyo usizipangie kodi ya mwezi ujao.

Ukipata kazi mwezi wa tatu wa fao, toa taarifa kwa mfuko, maana sharti la kutokuwa na ajira limekwisha, na ukiendelea kupokea kiasi hicho kitadaiwa. Mwajiri mpya mpe namba ileile ya uanachama. Asikufungulie nyingine.